Kiboreshaji au Kiteuanjia? Uhakiki wa Istilahi za Upekuzi wa Kanzidata

1. Utangulizi

Wafasiri wa mambo ya kompyuta wamekwisha kukipatia Kiswahili majina mengi ya vitu. Kicharazio, kipanya na kichapishi ni maneno yanayoeleweka, na anayetaka kuyabishia hana budi aje na sababu nzito. Upungufu unaoonekana sasa si wa majina ya vitu bali ni wa majina ya kazi, yaani maneno yanayotaja mambo ambayo mashine huyatenda ndani kwa ndani bila ya mtumiaji kuyaona.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kikundi kimoja kidogo cha istilahi za namna hiyo: zile zinazohusu jinsi programu ya kanzidata inavyoamua kuitumia faharasa au kuiacha. (Wengine husema hifadhidata, ubishi huo hatutauingia hapa.) Tumeuchagua uwanja huu kwa sababu mbili. Kwanza, uamuzi huo unagusa kazi za kila siku: masjala ya wanafunzi, daftari la walipa kodi, orodha ya wagonjwa wa hospitali. Pili, ni uwanja ambamo istilahi mbaya haimkoseshi msomaji neno tu, bali humfundisha jambo lisilo kweli. Na mtumishi aliyefundishwa jambo lisilo kweli hutoa amri zenye hasara.

2. Kazi yenyewe

Haiwezekani kuihakiki istilahi kabla ya kuijua kazi inayotajwa. Mwaka 1970 E. F. Codd, aliyekuwa mtaalamu wa IBM, alichapisha makala yaliyopendekeza kwamba data ihifadhiwe katika majedwali, na kwamba mwulizaji aseme anachokitaka bila ya kusema kitafutwe vipi. Pendekezo hilo lilimwondolea mwulizaji mzigo, lakini mzigo wenyewe haukupotea. Ulihamia kwa programu. Ikiwa mtu hasemi njia, basi programu haina budi kuitafuta yenyewe. Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake, waliokuwa wakiunda mfumo wa majaribio ulioitwa System R katika maabara ya IBM huko San Jose, California, walieleza utaratibu wa kuitafuta: programu ikadirie gharama ya kila njia inayofaa kufikiriwa, kisha ishike ile yenye gharama ndogo. Mifumo mingi ya leo ingali inafuata msingi huo.

Tuchukulie mfano wa jedwali la wanafunzi lenye safumlalo 1,000,000. Programu haisomi kutoka kwenye diski safumlalo moja moja. Husoma ukurasa mzima. Katika mfumo wa PostgreSQL, ukurasa mmoja kwa kawaida una baiti 8,192. Tukichukulia kwamba kila ukurasa unabeba wanafunzi 100, jedwali letu lina kurasa 10,000. Mfumo huo huhesabu kwamba kuusoma ukurasa katika mfululizo kuna gharama ya 1, na kuusoma kwa kurukaruka huku na huko kuna gharama ya 4, isipokuwa kama msimamizi amevibadili viwango hivyo. Kwa hiyo, tukihesabu kurasa peke yake na kuiacha kazi ya kichakataji, kulisoma jedwali zima kuna gharama ya 10,000.

Sasa na aulizwe mwanafunzi mmoja kwa namba yake ya usajili. Faharasa humfikia kwa kusoma kurasa chache, tuseme 4, yaani kwa gharama ya 16. Hapo hapana shaka. Lakini wakiulizwa wasichana wote, ambao tuseme ni nusu ya jedwali, mambo hugeuka. Wasichana wamo katika kila ukurasa, kwa hiyo faharasa itaipeleka programu kwenye kurasa zote 10,000, tena kwa kurukaruka, na gharama haitakuwa chini ya 40,000. Programu inayoiacha faharasa hapa haikukosea, imepiga hesabu. Wakiulizwa wanafunzi 3,000 waliotawanyika, kila mmoja katika ukurasa wake, gharama ni 12,000, nayo pia inazidi 10,000, ingawa wanafunzi hao ni 3 tu katika kila 1,000. Kinyume chake, wakiulizwa wanafunzi 50,000 walioandikishwa mwaka mmoja, na ikawa jedwali limekaa kwa kufuata mwaka wa kuandikishwa, wote hao wamo katika kurasa 500 hivi zinazofuatana, na faharasa hushinda kwa mbali.

Iko pia njia ya kati. Programu huweza kukusanya kwanza anwani zote zilizomo katika faharasa, ikazipanga kwa mfuatano wa kurasa, kisha ikauzuru kila ukurasa unaohusika mara moja tu. Wale 3,000 waliotawanyika aghalabu hupatikana kwa nafuu zaidi kwa njia hiyo.

Tunajifunza mawili. La kwanza ni kwamba hakuna asilimia moja maalumu ambayo ukiivuka faharasa haina faida. Anayefundisha asilimia hiyo anafundisha desturi, wala si kanuni. La pili ni kwamba maswali yanayoamua ni haya: ni safumlalo ngapi zitakazobaki, na zimekaa wapi? Istilahi yoyote tutakayoikubali sharti iyaache maswali haya mawili wazi mbele ya msomaji.

3. Faharasa na fahirisi

Neno la Kilatini ambalo Waingereza wanalitumia lilikuwa na maana ya kitu kinachoonyesha, na hasa kidole kile ambacho sisi tunakiita kidole cha shahada. Kiswahili hakikufuata kidole. Kilifuata orodha, kikachukua neno lililopitia Kiarabu, nalo likatupatia sura mbili: faharasa na fahirisi. Wako wanaozitumia sura hizi kana kwamba ni kitu kimoja. Sisi twaona bahati hii ya kuwa na sura mbili isipotezwe. Katika takwimu za uchumi, fahirisi ya bei imekwisha kukaa, nayo ni namba inayopima mabadiliko. Basi fahirisi na ibaki kwa namba hiyo, na faharasa ishike orodha.

Hata hivyo faharasa nayo ina mzigo wake. Katika vitabu vingi vya shule, ukurasa wa mwisho ulioandikwa "Faharasa" una maneno magumu pamoja na maana zake. Mwanafunzi aliyezoea hayo atadhani kwamba faharasa ya jedwali ni mahali pa maelezo. Mwalimu hana budi amweleze mapema kwamba faharasa tunayoisema haielezi kitu. Ina thamani zilizopangwa kwa utaratibu, na kando ya kila thamani ina anwani ya mahali safumlalo ilipo. Rudolf Bayer na Edward McCreight, walipokuwa katika kampuni ya Boeing, walibuni mti ambao hata leo ndio umbo la kawaida la faharasa hizo, na maelezo yao yalichapishwa mwaka 1972. Neno mti halina haja ya kutafutiwa mbadala: una shina, una matawi, una majani, na anwani zimo katika majani.

4. Hoja au ulizo

Ombi la data ambalo mtu hulipeleka kwa programu limepewa majina kadhaa, na mojawapo ni hoja. Kwa msomaji wa raia huenda neno hilo lisiwe na madhara, lakini kwa mtumishi wa serikali ni neno lililokwisha kuajiriwa kazi nyingine mbili. Bungeni hoja hutolewa na kuungwa mkono. Katika ukaguzi wa hesabu hoja huandikwa na mkaguzi, na Afisa Masuuli hutakiwa aijibu kwa vielelezo. Tukimwambia mtumishi huyo kwamba "hoja imechelewa kujibiwa kwa sababu ya faharasa", atafungua jalada la ukaguzi.

Kwa maoni yetu neno ulizo linafaa zaidi, kwa wingi maulizo. Watu wamekwisha kuliona neno maulizo likiwa limeandikwa juu ya dirisha la ofisi, mahali pa kuuliza jambo na kupewa jibu bila ya kubishana. Hiyo ndiyo hali ya mtu na kanzidata yake.

5. Kiboreshaji

Hapa tunafikia neno ambalo ndilo lililotusukuma kuandika. Sehemu ya programu inayolinganisha njia na kushika mojawapo huitwa na baadhi ya wafasiri kiboreshaji. Njia iliyowafikisha hapo inaonekana wazi: neno la kigeni lina asili ya bora, basi wakachukua boresha, wakaongeza ki- mwanzoni na -ji mwishoni. Kisarufi neno halina kasoro. Kasoro yake ni ya maana, nayo ni ya namna tatu.

Kwanza, kuboresha ni kukichukua kitu kilichopo na kukifanya kiwe kizuri zaidi. Mtu akiboresha mbegu, mbegu inabadilika. Akiboresha shamba, shamba linabadilika. Sehemu hii ya programu haiongezi uzuri wa data, wala wa jibu, kwa maana jibu ni lile lile njia yoyote ikifuatwa. Orodha ya wasichana ni orodha ya wasichana, iwe imepatikana kwa faharasa au kwa kulisoma jedwali zima.

Pili, neno linaahidi ubora ambao haukuhakikishwa. Programu haijui njia iliyo bora kwa hakika. Inajua njia ambayo kwa makadirio yake ina gharama ndogo. Kadirio likikosea, njia nayo hukosea. Mwanafunzi aliyefundishwa kiboreshaji huona ajabu, hata hudhani kwamba mashine imeharibika, kiboreshaji kikimpa njia mbaya. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hapo pana uteuzi kwa makadirio atauliza swali lililo sahihi: makadirio yalitoka wapi?

Tatu, neno linamwelekeza mtumishi kwenye dawa isiyofaa. Aliyesikia kwamba mfumo una kiboreshaji, na kwamba faharasa ni chakula cha kiboreshaji, ataagiza kila safuwima itiwe faharasa. Hajui kwamba kila mwanafunzi mpya anapoandikishwa, faharasa zote za jedwali hilo nazo sharti ziandikwe, na kwamba faharasa 12 zisizoulizwa na mtu ni kazi 12 za bure katika kila uandikishaji.

Kiswahili kina mtindo wa zamani wa kuunda jina la chombo kwa kutaja kazi na kitu kinachofanyiwa kazi hiyo: kipimajoto, kinasasauti. Kwa kufuata mtindo huo tunapendekeza kiteuanjia. Neno linasema kinachotendeka, ambacho ni kuteua, na linasema kinachoteuliwa, ambacho ni njia ya kuifikia data. Huenda ikapingwa kwamba kifaa cha mtandao kinachoelekeza ujumbe nacho huitwa kipanga njia, na kwamba watu watavichanganya. Pingamizi hiyo ina uzito, lakini si wa kutushinda. Kupanga si kuteua. Na pale ambapo vitu vyote viwili vinatajwa katika sura moja, mwandishi aseme kiteuanjia cha maulizo, naye atakuwa salama.

6. Mchujo na salio lake

Ili kiteuanjia kikadirie gharama, hakina budi kwanza kikadirie ni safumlalo ngapi zitakazobaki baada ya sharti la ulizo kutumika. Sehemu hiyo imefasiriwa na wengine kuwa uchaguzi, neno ambalo kwa Mtanzania na Mkenya linaleta sanduku la kura, na wengine kuwa uteuzi, neno ambalo sisi tumekwisha kulipa kazi nyingine. Pana tatizo zaidi ya hilo. Katika Kiingereza chenyewe wataalamu husema kwamba sharti lina sifa hiyo kwa wingi pale ambapo namba yake ni ndogo, na wanafunzi hutatizika. Hatulazimiki kulirithi tatizo hilo.

Kila mtumishi anajua mchujo. Waombaji wa kazi huchujwa, wanamichezo huchujwa, wagombea huchujwa, na wanaobaki ndio wanaotakiwa. Basi tuseme kwamba sharti la namba ya usajili ni mchujo mkali na sharti la jinsia ni mchujo hafifu. Na ile sehemu ya jedwali inayobaki tuiite salio la mchujo. Mchujo mkali una salio dogo, mchujo hafifu una salio kubwa. Hapo hakuna kinyume cha kumtatiza mtu.

Kiteuanjia hulijuaje salio kabla ya kuchuja? Hulikadiria kwa takwimu. Katika System R, pale ambapo takwimu hazikuwapo, sharti la usawa lilichukuliwa kuwa salio lake ni sehemu moja ya kumi. PostgreSQL, kwa viwango vyake vya kawaida, huchukua sampuli ya safumlalo 30,000, na kutokana nayo huandika thamani zinazorudiarudia zaidi, na kwa nyingine huweka mgawanyo wake. Sampuli hiyo ikiwa ya zamani, na jedwali limekwisha kupanuka mara tatu, kiteuanjia hukadiria salio la jedwali ambalo halipo tena.

Liko pia kosa linalotokea hata takwimu zikiwa mpya. Mtu akiuliza wanafunzi wa Mkoa wa Mbeya waliomo Wilaya ya Rungwe, kiteuanjia huyachukua masharti hayo kuwa hayahusiani. Tuseme mkoa una salio la 1 katika 20, na wilaya 1 katika 100. Kitazidisha na kupata 1 katika 2,000. Lakini Rungwe imo Mbeya! Aliye wa Rungwe ni wa Mbeya bila ya kuulizwa, na salio la kweli ni 1 katika 100, mara 20 ya lililokadiriwa. Kwa sababu hiyo PostgreSQL, tangu toleo la 10 lililotoka mwaka 2017, humruhusu msimamizi kuagiza takwimu za safuwima zinazotegemeana. Amri hiyo haitoki yenyewe. Hutolewa na mtu anayejua kwamba wilaya zimo ndani ya mikoa, na ujuzi huo uko ofisini, hauko katika mashine.

Kuhusu gharama, neno hilo tunalikubali, kwa onyo moja. Gharama ya kiteuanjia si shilingi wala si sekunde. Ni namba ya kulinganishia njia na njia. Taarifa isiandike kwamba ulizo "lilitumia gharama ya 40,000" bila ya kusema lililinganishwa na nini.

7. Neno "haitumiki"

Tumeacha hadi sasa neno ambalo halionekani kuwa istilahi, nalo ndilo linaloleta hasara kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Katika taarifa huandikwa: "Faharasa haitumiki." Sentensi hiyo ya maneno mawili ina maana tatu, na kila maana ina dawa yake.

Maana ya kwanza ni kwamba faharasa haiwezi kutumiwa kwa ulizo hilo. Faharasa ya maneno imepangwa kama kamusi, kuanzia herufi ya kwanza. Inampata haraka anayetafuta maneno yanayoanza kwa "wali-", lakini haimsaidii anayetafuta maneno yenye "som" katikati. Jambo hili linatuhusu sisi kuliko wasemaji wa lugha nyingi, maana mzizi wa kitenzi chetu hukaa nyuma ya viambishi: anasoma, walisomeshwa, hatutasomeana. Watunzi wa kamusi zetu walilijua tatizo hili, ndiyo maana kitenzi hutafutwa kwa shina lake. Dawa hapa ni kuunda faharasa ya namna nyingine, kama ile inayolikata neno vipande vya herufi tatu tatu.

Maana ya pili ni kwamba faharasa iliwezekana, lakini kiteuanjia hakikuiteua. Dawa ni kutazama hesabu. Huenda salio ni kubwa, na hapo hakuna la kufanya, kwa maana mashine imetenda haki. Au huenda takwimu zimechakaa, na hapo dawa ni kuzikusanya upya. Kuongeza faharasa nyingine si dawa.

Maana ya tatu ni kwamba faharasa imekaa muda mrefu na hakuna ulizo lililowahi kuihitaji. PostgreSQL huhesabu ni mara ngapi kila faharasa imepitiwa, kwa hiyo jambo hili hujulikana. Dawa, baada ya kuhakikisha kwamba faharasa hiyo hailindi upekee wa namba za usajili au jambo jingine kama hilo, ni kuiondoa.

Basi neno moja linaweza kumfanya mkuu wa idara aagize kuunda, aagize kutulia, au aagize kufuta. Kiswahili hakikukosa uwezo wa kuzitenga maana hizi. Ni sisi waandishi tulio wavivu wa kuutumia. Tuandike "haiwezi kutumiwa", tuandike "haikuteuliwa", tuandike "haijawahi kupitiwa". Na lile neno "imekataa", kama katika "mfumo umekataa faharasa", tuliache kabisa: mwenye kukataa ana ukaidi, na mbele ya mkaidi watu hutafuta nguvu, hawatafuti hesabu.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari tunapendekeza istilahi hizi zijadiliwe:

Ulizo: ombi la data linalosema kinachotakiwa bila ya kusema njia ya kukipata.

Faharasa: thamani za safuwima moja au zaidi zilizopangwa kwa utaratibu, pamoja na anwani za safumlalo zake.

Kiteuanjia: sehemu ya programu inayokadiria gharama ya njia mbalimbali na kuteua yenye kadirio dogo.

Mchujo mkali, mchujo hafifu: sharti linalobakiza safumlalo chache; sharti linalobakiza nyingi.

Salio la mchujo: sehemu ya jedwali inayobaki baada ya sharti kutumika.

Pitio la mfululizo: kulisoma jedwali zima ukurasa baada ya ukurasa.

Pitio la faharasa: kuzifuata anwani za faharasa moja baada ya nyingine.

Pitio la anwani zilizopangwa: kukusanya anwani kwanza, kuzipanga, kisha kuzuru kila ukurasa mara moja. Tumeliepuka jina la ramani ya biti kwa sababu linataja chombo kinachotumika, halitaji faida inayopatikana.

9. Hitimisho

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu, na wataalamu husoma Kiingereza. Jibu letu ni kwamba mtaalamu hasaini hati ya malipo. Anayeamua kama ofisi inunue mashine mpya au ikusanye takwimu upya ni mtu anayesoma taarifa, na taarifa hiyo, katika ofisi zetu nyingi, imeandikwa kwa Kiswahili. Ikimwambia kwamba kiboreshaji kimekataa na faharasa haitumiki, atanunua mashine. Ikimwambia kwamba kiteuanjia hakikuiteua faharasa kwa sababu salio lilikadiriwa kwa takwimu za miaka mitatu iliyopita, ataagiza takwimu zikusanywe, na fedha za umma zitabaki mahali pake.